Nani alifungua lango? Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Waziri wa Usalama wa Ndani na manaibu chansela

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mhadhiri wa chuo kikuu cha umma hapa Kenya. Nawafundisha vijana ambao wengi wao hawajatimiza hata miaka 23, na nimewaona wakikimbizwa na askari ndani ya ua wa chuo chao wenyewe. Barua hii nimeielekeza kwenu nyote kwa pamoja kwa sababu moja: kila mara mwanafunzi anapovunjwa mkono kampasi, lawama huzunguka baina ya ofisi zenu mpaka zinachoka zenyewe. Polisi husema tuliitwa na chuo. Chuo husema sisi hatukumtuma mtu apige. Wizara husema uchunguzi unaendelea. Mwanafunzi hubaki na plasta yake, na muhula unaofuata hakuna anayekumbuka.

Nianze na Juja, mji ulio karibu na Nairobi. Jumatatu tarehe 4 Novemba 2019, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, waliingia barabarani. Hawakuwa wakidai karo ipunguzwe wala kiongozi fulani aachiliwe. Walikuwa wamechoshwa na kuporwa na kushambuliwa katika mitaa ya Juja wanakokodisha vyumba, kwa sababu mabweni ya chuo hayawatoshi. Kwa maneno mengine, walikuwa wakiwaita polisi. Polisi walikuja. Kanda ya video iliyosambaa siku hiyo inaonyesha mwanafunzi mmoja akiwa chini, amezungukwa na askari wanne wa kutuliza ghasia, nao wanampiga marungu na mateke wakimkanyaga. Kanda hiyo ilionekana na nchi nzima. Kesho yake Inspekta Jenerali wa wakati huo, Hilary Mutyambai, aliamuru uchunguzi ufanywe, na askari wanne wakasimamishwa kazi.

Hatua ile ilikuwa sahihi, nami sina nia ya kuibeza. Lakini tazameni ilichohitaji. Ilihitaji mtu awe na simu yenye chaji, asimame mahali pazuri, asikimbie, na asionekane na wale askari akanyang'anywa simu. Mwanafunzi aliyepigwa nyuma ya jengo siku ile ile, pasipo na kamera, alichunguziwa na nani? Kama nidhamu ya askari wa Kenya inategemea pembe aliyosimama kijana mmoja mwenye simu, basi hatuna nidhamu. Tuna bahati, tena ya mtu mmoja kati ya wengi.

Miaka miwili kabla ya Juja ilikuwa zamu ya Nairobi. Alhamisi tarehe 28 Septemba 2017, nchi ikitokota baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya uchaguzi wa urais, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana kupinga kuzuiliwa kwa mbunge wa Embakasi Mashariki, Babu Owino, ambaye zamani alikuwa mwenyekiti wa chama chao cha SONU. Sababu yao unaweza kuiunga mkono au kuikataa. Hilo si shauri la rungu kuamua. Polisi hawakuishia barabarani. Waliingia kampasi, wakaingia madarasani, wakaingia mabweni, na wakapiga waliokuwa wakiandamana pamoja na wasiojua hata maandamano yalihusu nini. Shirika la Amnesty International lilihesabu wanafunzi wasiopungua 27 waliojeruhiwa. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilitangaza kwamba inachunguza. Na Seneti ya chuo? Tarehe 3 Oktoba ilikifunga chuo kwa muda usiojulikana. Waliopigwa ndio waliofukuzwa.

Hapo kwenye madarasa na mabweni ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kila hoja ya polisi inapokosa mguu. Tunaambiwa kwamba nguvu hutumika kutawanya mkusanyiko. Sawa. Mkusanyiko wa barabarani unatawanywa ili gari la wagonjwa lipite, ili mwenye duka asivunjiwe, ili mapigano yasienee. Lakini mtu aliye chumbani mwake ameshatawanyika. Amefanya hasa kile mlichomwamuru kwa kipaza sauti: ameondoka barabarani, ameingia ndani, amefunga mlango. Kumvunjia huo mlango na kumtoa kwa marungu hakumtawanyi mtu yeyote. Hiyo ni adhabu, na adhabu katika nchi hii hutolewa na hakimu baada ya kusikiliza pande mbili.

Niliwahi kuingia bweni asubuhi iliyofuata baada ya usiku wa namna hiyo. Chuo sitakitaja, wala mwaka. Nilikuwa na msimamizi wa hosteli na wahadhiri wenzangu wawili, tukitafuta wanafunzi ambao simu zao hazikuwa zikipatikana. Ukumbi wa ghorofa ya kwanza ulikuwa umetapakaa ndara, nyingi za mguu mmoja mmoja. Milango kadhaa ilikuwa imeng'olewa vitasa, vipande vya mbao vikining'inia pale komeo lilipokuwa. Katika chumba kimoja, sufuria ya ugali ilikuwa bado juu ya koili, ugali umeungua mpaka umekuwa mkaa, na chini ya kitanda kulikuwa na kopo la gesi ya kutoa machozi. Chumba chenyewe upana wake huwezi kunyosha mikono yote miwili. Wanaishi wanne humo. Mliwahi kuwaza gesi ile inafanya nini mahali kama hapo, dirisha likiwa na vyuma na mlangoni amesimama askari? Inayofaa uwanjani inageuka kitu kingine kabisa chumbani, hasa kwa mwenye pumu.

Tulimkuta kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ameketi kitandani, mkono wa kulia umevimba kutoka kiwiko hadi vidole. Hakuwa ameenda hospitali kwa sababu aliogopa kutoka nje ya lango. Nilitarajia aniambie habari ya maumivu. Aliniuliza kama CAT, yaani jaribio la darasani, ya Alhamisi itarudiwa, kwa sababu ule ndio mkono anaoandikia.

Huyo ndiye mtu ambaye taarifa za polisi humwita mzua fujo. Inawezekana alirusha jiwe, mimi sikuwepo. Inawezekana alikuwa akipika ugali. Kwa kuwa hakukamatwa, hakuandikwa popote, hakufikishwa mbele ya hakimu, hakuna atakayejua kamwe. Ndiyo maana nasema kipigo hakimsaidii hata yule anayetaka wahuni washughulikiwe. Kipigo hufuta ushahidi. Aliyechoma gari na aliyekuwa akisoma hutoka wakiwa na majeraha yale yale, na hapo hakuna tena mwenye hatia wala asiye na hatia.

Najua kuna wanafunzi wanaofanya uhalifu. Nimepita Thika Road na State House Road siku za fujo, nimeona vioo vya magari ya watu wasio na kosa vikivunjwa na wachuuzi wakipoteza mali ya kutwa nzima. Mama anayeuza ndizi nje ya lango hana hatia yoyote katika kuchelewa kwa pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Anayemwibia akamatwe. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, lakini kwa amani na bila silaha, jiwe halimo. Sheria ya Usalama wa Umma inataka mwandalizi amwarifu msimamizi wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla, na wanafunzi wetu wengi hawafanyi hivyo, nami huwaambia wafanye. Kuarifu si kuomba ruhusa, lakini kunaacha karatasi, na karatasi hulinda. Kwa hiyo sisemi chuo kiwe kichaka cha kujificha wahalifu. Nasema mwenye kosa ashikwe mkono na kupelekwa kortini ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 kinavyosema, akiwa mzima.

Wapo pia wazazi, na siwalaumu kwa sababu wanatoa jasho, wanaosema acha wafunzwe, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ningependa wazazi hao wasome habari za Meru. Tarehe 27 Februari 2018, Evans Njoroge, katibu mkuu wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, alipigwa risasi akafa wakati wa maandamano ya wanafunzi waliokuwa wakilalamikia karo na uendeshaji wa chuo. Alikuwa kiongozi aliyechaguliwa, kazi yake ilikuwa kuwasemea wenzake. Kisha wasome habari za Maseno, ambako tarehe 20 Machi 2023 mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipigwa risasi akafa katika maandamano ya siku hiyo. Hao walifunzwa nini? Wazazi wao walipeleka watoto chuo wakarudishiwa majeneza.

Jambo hili halikuanza jana wala na serikali moja. Jumapili tarehe 10 Februari 1985, askari wa GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, waliwavamia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliokuwa wamekusanyika kwa maombi katika uwanja wa michezo wa chuo, baada ya viongozi wao kufukuzwa masomoni. Mwanafunzi mmoja alikufa, wengi wakajeruhiwa. Waliokuwa uwanjani siku hiyo leo ni mababu na mabibi. Baadhi yao walikuja kuwa mawakili, wabunge na wahadhiri. Katiba imebadilishwa tangu wakati huo, jina la jeshi la polisi limebadilishwa likawa huduma, sare zimebadilishwa. Namna ya kuingia kampasi haijabadilishwa.

Tena kuna Garissa, ambayo kila mwalimu wa chuo kikuu nchini humu huibeba moyoni. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, wengi mabwenini. Kikosi maalumu cha Recce, chenye uwezo wa kukabiliana na hali kama ile, kilifika mchana ukiwa umeshaenda, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Siwalaumu askari mmoja mmoja waliokwenda kule. Wapo waliokufa wakiwaokoa wanafunzi, na nawaombea. Nauliza kuhusu mipango. Wanafunzi wanapolalamikia karo, malori hufika kabla hawajamaliza wimbo wa pili. Inakuwaje mabweni yale yale yanapovamiwa na magaidi, tunahangaika kutafuta ndege? Kijana anayeona mambo haya mawili kwa macho yake atajifunza kwamba dola ina haraka naye katika jambo moja tu. Halafu mnamtaka awe shahidi wenu, awape habari za wahalifu wa mtaani, awaamini. Kwa lipi?

Inspekta Jenerali, sasa naja kwako hasa. Sheria unayo, wala si changa. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita, linalohusu matumizi ya nguvu na silaha. Linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Linataka nguvu ikitumika ilingane na uzito wa kosa na upinzani uliopo. Linataka aliyejeruhiwa apewe matibabu mara moja na jamaa zake waarifiwe. Linataka askari aliyesababisha kifo au jeraha baya aripoti kwa mkubwa wake, na mkubwa huyo apeleke taarifa IPOA. Linasema kwamba kutii amri ya mkubwa si utetezi kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Na linasema askari aliyevaa sare lazima jina lake au nambari yake ya huduma ionekane waziwazi muda wote.

Hilo la mwisho linaonekana dogo kuliko yote, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ukilitekeleza peke yake, nusu ya haya yatakwisha. Nimewatazama askari wanaoletwa kampasi. Wana kofia ngumu, wana vioo usoni, wana ngao, wana fulana za kuzuia risasi zilizofunika mahali pa jina. Hakuna herufi wala tarakimu unayoweza kuisoma, hata akiwa amesimama mita moja kutoka kwako. Wengine hufunika uso. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliamuru kwamba askari wanaopelekwa kwenye maandamano wavae sare, wasifiche nyuso zao na watambulike. Amri hiyo haikupaswa kuhitajika, kwa sababu sheria ilikuwa imeshasema hivyo kwa miaka 13. Kupaka nambari kubwa nyeupe nyuma ya kofia ni kazi ya adhuhuri moja katika karakana yoyote ya polisi. Kama haifanyiki, ni kwa sababu kuna mtu ameona ni afadhali isifanyike.

Tazama matokeo yake kwa mwanafunzi anayejaribu kufuata sheria. Amepigwa, anataka kushtaki. Lazima aende kituo cha polisi, mara nyingi kile kile kilichotuma askari, apate nambari ya OB, kitabu cha kuandikia matukio. Anaulizwa: nani amekupiga? Anajibu: polisi. Polisi gani, jina nani? Hajui, kwa sababu jina lilifunikwa. Anaambiwa basi andika umepigwa na mtu asiyejulikana. Kisha anahitaji fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, ambayo huanzia kwa polisi hao hao kabla ya kwenda kwa daktari. Nimewasindikiza wanafunzi kwenye kaunta hizo. Sijaona askari akimtukana mtu. Nimeona tu kwamba fomu zimekwisha, afisa anayehusika ametoka, rudi kesho. Kufikia kesho chuo kimefungwa na mwanafunzi yuko ndani ya basi la kwenda Lodwar. Ndiyo maana mafaili ya IPOA huwa na majeraha yasiyo na washukiwa. Haisaidii kuisifu mamlaka hiyo kwenye hotuba huku inapelekewa vizuka iwachunguze.

Waziri wa Usalama wa Ndani, kwako nina ombi fupi. Uchunguzi wa Septemba 2017 ulitangazwa hadharani; matokeo yake pia yatangazwe hadharani, kwa majina ya waliotoa amri. Wanafunzi waliokuwa mwaka wa kwanza wakati ule wamekwisha kuhitimu, wengine ni wazazi. Wana haki ya kusoma kilichoandikwa kuwahusu.

Nanyi manaibu chansela, wasimamizi wakuu wa vyuo. Maneno yangu makali zaidi nimewawekea nyinyi kwa kuwa mko karibu nami, na kwa kuwa najua kwamba wengi wenu mlikuwa wanafunzi katika miaka ya themanini na mliikimbia GSU kwa miguu yenu wenyewe. Askari hawaoteshwi ndotoni kwamba kampasi kuna mkusanyiko. Kuna mtu anayepiga simu. Kuna mtu anayemwambia mlinzi fungua lango. Siku zote nikiuliza ni nani, naambiwa "usimamizi". Usimamizi hauna kidole cha kubonyeza simu. Mtu anacho.

Ninalotaka, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu, ni kwamba simu hiyo ikome kuwa simu na iwe barua. Polisi wasiingie kampasi ila kwa ombi la maandishi lililotiwa saini na naibu chansela mwenyewe, au anayekaimu, likieleza ni hatari gani iliyopo, ni eneo gani linalohusika, ni nani amejaribu kuzungumza na wanafunzi na saa ngapi. Kamanda atakayeongoza kikosi aandikwe jina kwenye barua hiyo hiyo, naye atie saini anapoingia na anapotoka. Nakala ipelekwe IPOA siku hiyo hiyo, kuwe na aliyejeruhiwa au asiwepo. Mabweni na madarasa yasiingiwe bila hati ya mahakama, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini dakika hiyo. Chumba cha mwanafunzi ni nyumba yake. Amekilipia, nguo zake zimo, na Kifungu cha 31 cha Katiba hakisemi faragha ni ya wenye mashamba na majumba tu.

Mtasema mambo haya yatachelewesha msaada. Garissa haingehitaji barua; pale maisha ya watu yalikuwa yakipotea, na nimelitenga hilo. Lakini maandamano ya karo hayazuki kama moto wa petroli. Nyinyi mnajua siku mbili tatu kabla. Tangazo la karo mmelibandika nyinyi. Ucheleweshaji wa matokeo mnaujua nyinyi. Kila mhadhiri anajua kwamba usajili wa mitihani ukifungwa kwa wenye salio la karo huku HELB haijatuma pesa, wiki hiyo wanafunzi watasimama. Muda wa kuandika ukurasa mmoja upo. Muda wa kushuka ngazi na kukutana nao uwanjani upo pia, na nimeona mkuu wa wanafunzi mmoja akifanya hivyo, bila mlinzi, akasimama juu ya benchi akawasikiliza kwa saa mbili wakimzomea, kisha akawaambia lipi anaweza na lipi hawezi. Walirudi madarasani. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo.

Mjiulize pia ni kwa nini wanaishia barabarani. Marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliondoa kura ya moja kwa moja. Badala yake wanafunzi wakawa wanachagua wajumbe, na wajumbe ndio waliochagua viongozi. Tuliambiwa itapunguza fujo na pesa za wanasiasa. Nilichoona mimi ni viongozi ambao mwanafunzi wa kawaida hawajui, hawaamini, na ambao usimamizi huwajua vizuri mno. Ukimnyang'anya mtu msemaji wake, usishangae akija mwenyewe na sauti yake yote. Sisi wahadhiri tulipogoma mwaka 2025 tukidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wetu, tulikuwa na chama kinachotambuliwa, na mwisho tuliitwa mezani tukatia saini. Hakuna aliyevunja mlango wa mhadhiri usiku. Wanafunzi wanaotutazama wanaelewa tofauti hiyo kuliko tunavyodhani.

Na kuhusu kufunga vyuo: acheni. Kufunga chuo siku moja au tano baada ya kipigo, na kuwaamuru maelfu ya vijana waondoke mara moja, ni kuwaadhibu mara ya pili. Anayetoka Mandera au Turkana hana nauli ya ghafla mfukoni. Msichana aliyejeruhiwa hulazimika kusafiri usiku na jeraha lake. Mashahidi hutawanyika kaunti 47, mabweni hufagiliwa, vitasa hutengenezwa, na makopo ya gesi hutupwa na takataka nyingine. Kama ningetaka kuzuia uchunguzi usifanikiwe, nisingepata njia bora zaidi. Chuo kibaki wazi, zahanati ya chuo ifanye kazi usiku na mchana, kila aliyejeruhiwa aandikwe na daktari, na gharama za matibabu zibebwe na yule aliyetia saini barua ya kuita kikosi, kupitia bajeti ya ofisi yake. Saini ikiwa na gharama, mkono utasita kabla ya kuiweka.

Mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia, na orodha za wasiomaliza karo zimeshabandikwa. Nyote mnajua maana yake. Namwomba Inspekta Jenerali atoe amri ya kudumu kwa makamanda wa kaunti zote zenye vyuo vikuu kabla ya mitihani hiyo, ihusu nambari kwenye kofia na marufuku ya kuingia mabweni. Nawaomba manaibu chansela mkutane, mkubaliane kuhusu barua ya maandishi, na mtuambie sisi wafanyakazi na wanafunzi mmekubaliana nini. Nitakuwa darasani kama kawaida, na yeyote kati yenu akitaka kuzungumza nami au na wanafunzi wangu, mlango wetu uko wazi mchana kweupe.

Wenu mwaminifu,
Mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, Kenya